Msichana wa Pazia

Ukitaka kujua jambo lile lilitugharimu nini, nitakuambia hapa mlangoni, usije ukasema nilikuficha bei mpaka ukaingia ndani. Liligharimu sauti moja, ya Tabitha Wangare, ambayo watu laki mbili waliisikia na leo haisikiki hata akiwa anaosha vyombo. Liligharimu ujirani wa ploti nzima ya vyumba vya kupanga kule Kihoto, Naivasha. Na lilimgharimu mama yake, ingawa madaktari wangesema yule alikuwa ameshaanza safari yake, sisi tulichelewa tu kumshika mkono. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, kama ninavyopiga kila hesabu, mara ya kwanza kwa macho na ya pili kwa wasiwasi, na haijawahi kushuka. Nilidhani imefungwa. Halafu mwezi uliopita Tabi akaja kwenye kibanda changu hapa Nakuru, baada ya miaka zaidi ya kumi, akasimama mbele ya sweta nilizotundika, akasema, "Zuu, nimekuja kuchukua kitu changu." Nitafika hapo. Habari za kwetu na za kwao, nani alizaliwa wapi na babu ya nani alimfanyia kazi mzungu gani, naziruka. Hazikuwahi kumsaidia mtu kulipa nyumba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nauza mitumba soko la Naivasha. Nilikaa chumba namba sita, Tabi na mama yake namba saba, ukuta mmoja katikati, ukuta wenyewe wa mabati, kwa hivyo tuseme tulikuwa nyumba moja iliyolipiwa mara mbili. Leo vyumba vyote viwili viko ndani ya ziwa. Maji yalipanda, watu wakahama na magodoro kichwani, na sasa kinachoonekana ni paa la choo, na kiboko anakuja kula nyasi pale tulipokuwa tunaanika nguo. Ukiniambia nikuonyeshe mahali staa alipoanzia, itabidi tukodi mashua. Lakini mimi chumba kile nakiona vizuri kuliko hiki ninachoandikia. Ukiingia, mkono wa kulia kulikuwa na jiko la mafuta juu ya kreti ya soda, kisha meza, kisha stuli mbili, moja ya wageni na moja ya kuwekea ndoo. Halafu pazia. Lilikuwa pazia la maua makubwa ya zambarau, lilitoka kwenye belo langu, robota la mashuka ya mitumba, na niliwauzia kwa bei ya jirani, yaani bei ya kawaida ukiongeza salamu. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, na juu ya kitanda Mama Tabi.

Wote wawili walikuwa wanafanya kazi shamba la maua upande wa Kamere, katika kile chumba cha baridi ambamo waridi hupangwa kwa urefu na kufungwa. Mama Tabi aliacha kwanza, kwa sababu ya koo. Koo lake lilianza kuchagua chakula kama mtoto aliyedekezwa. Lilikataa ugali. Tukasema ni tonsili. Likakataa chapati, tukasema ni vidonda vya tumbo, na mwenye duka la dawa akakubaliana na sisi kwa furaha na kutuuzia dawa ya vidonda vya tumbo. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa kwa viazi vilivyopondwa, na baadaye kwa uji. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kina mama kanisani kwao miaka mingi, na hata alipokuwa hawezi kumeza alikuwa bado anaweza kusikia noti ikiteleza vyumba vitatu mbali. "Huyo wa namba tisa," angesema, "Mungu amsamehe, anaimba kama anayetafuta funguo."

Vidio zilianza kwa sababu ya mvua. Paa la kibanda changu sokoni lilikuwa linavuja, nikaleta mali yangu namba saba, makoti na magauni, tukayatundika kwa misumari kuta zote nne mpaka chumba kikafanana na tumbo la kondoo. Tabi alikuwa anapika huku akiimba wimbo fulani wa zamani wa mapenzi, ule ambao kila baba wa Naivasha hudhani uliimbwa kwa ajili yake, na ghafla nikasikia sauti yake haina ule mwangwi wa mabati. Ilikuwa imekaa karibu, kama mtu anayekuambia siri. Nikachukua simu. Nikampa gauni la kijani la daraja la kwanza, zile nguo sisi huziita kamera, lilikuwa kubwa kwake, nikalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia. Akasimama mbele ya pazia kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama.

"Anza chini, Tabi," mama yake akasema nyuma ya pazia. "Ukianzia huko juu, ukifika kwa kiitikio utahitaji ngazi." Kisha akakohoa, kile kikohozi chake kirefu chenye mwisho kama mlango unaofungwa.

"Mathe, utaingia kwa vidio," nikamwambia.

"Si mnikate. Kwani nguo ikiwa na doa hamkati?"

"Hatukati, tunapunguza bei."

Alicheka mpaka akakohoa tena, na tukangoja amalize, na ndipo Tabi akaanza, chini, kama alivyoambiwa. Ikawa ndiyo kawaida yetu. Kila Jumamosi mchana, baada ya Tabi kutoka kazini, nguo ukutani, vibanio mgongoni, mama akatoa amri yake na kikohozi chake, na mimi baadaye nikakata ule mwanzo kwa kidole na kuufuta, kwa sababu simu yangu ilikuwa na memori ndogo kama mfuko wa suruali ya mtoto, kipande kimoja kikitaka kukaa lazima kingine kitoke. Mama mwenyewe alisisitiza. "Watu wasisikie mgonjwa," alisema. "Watamwonea huruma badala ya kumsikiliza." Nimeyafikiria maneno hayo kuliko mahubiri yoyote niliyosikia, ya msikitini kwetu au ya kanisani kwao. Yule mama alijua soko.

Sijui ni nani aliyesambaza wimbo wa nne tulioweka mtandaoni. Najua tu kwamba Jumatatu moja nilifika sokoni nikamkuta mwenye bucha anamsikiliza Tabi huku akipasua mfupa, na mbele kidogo muuza viazi anamsikiliza, na wawili hao hawakuwa wamefikia mahali pamoja, kwa hivyo alikuwa anajiitikia mwenyewe kutoka kibanda hadi kibanda. Wiki mbili baadaye hatukuweza kununua mboga ya sukuma bila mtu kusema, "Wewe si yule msichana wa pazia?" Jina likashika. Saluni moja ikamsuka bure ilimradi aseme ni wapi. Redio moja ya Nakuru ikamwita, akaimba mbele ya mtangazaji aliyekuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa napata yangu pia, sikatai. Gauni alilovaa Jumamosi nililifua Jumapili, nikalitundika Jumatatu mbele kabisa, na wanawake walililipia mara tatu ya bei. Mmoja aliniuliza kama naweza kumuuzia na vibanio. Nilimuuzia.

Supavaiza wa shamba alimwambia Tabi achague. "Hapa tunapanga maua, hatupangi mastaa," akasema. Tabi akachagua kukaa nyumbani, na usifikiri ni kwa kiburi. Mama alikuwa amefika mahali ambapo uji lazima uchujwe kwa kitambaa kabla ya kumezwa, kijiko kimoja, kupumzika, kijiko kimoja, na mlo wa asubuhi ulikuwa unakutana na wa mchana njiani. Hapo chumbani Tabi angeweza kumlisha na angeweza kuimba, kazi zote mbili chini ya paa moja, na sisi tuliamini kwamba moja ingelipia nyingine. Watu laki mbili! Hata kama kila mmoja angekuwa na thamani ya punje ya mahindi, si tungekuwa na gunia? Nikaenda kwa mwenye saiba, duka la intaneti pale mjini, mtu mpole mwenye fulana ya timu inayoshindwa kila mwaka, nikamuuliza pesa zinakaa upande gani.

"Dada, hizi nyimbo zina wenyewe," akaniambia. "Yeye anaimba tu za watu. Kikipatikana kitu, kinaenda kwa mwenye wimbo."

"Na sisi?"

"Nyinyi ni kama wapambe wa bibi arusi."

"Hata wapambe hula pilau, boss."

"Basi atunge zake," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayekushauri ukazaliwe tajiri.

Alitunga. Alitunga wimbo mmoja mzuri sana kuhusu mtu anayengoja chakula kipoe, na tukaurekodi kama kawaida, na watu wakaandika chini yake, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia arudie zile zao. Mmoja aliandika, "Dada, hii ni ya nani? Sijawahi kuisikia." Alikuwa na nia njema.

Wakati huohuo ploti yetu ilikuwa imeshatutajirisha bila sisi kupewa taarifa. Mzee Ndirangu, msimamizi wa ploti, alipandisha kodi ya namba saba akisema mastaa wanatumia taa nyingi, na chumba kilikuwa na balbu moja, nimeihesabu mara mbili. Mama Brayo wa namba tano, ambaye tangu nihamie pale alikuwa akitupa chumvi na sisi tukimpa makaa, alimtazama Tabi amesimama mlangoni na kikombe na kumcheka usoni. "Mtu ako na watu laki mbili anakopa chumvi? Aki wewe. Waambie hao wakuletee." Hakuwa mtu mbaya. Kesho yake aliniuliza kwa upole kama ni kweli Tabi amenunua shamba kule Longonot. Nikamwambia bado wanabishana kuhusu mipaka. Nilikuwa natania, na kufikia jioni shamba lilikuwa na kisima.

Idd ilipofika nilipika pilau, nikabeba sufuria hadi kwao, kisha nikasimama mlangoni nikiona aibu, kwa sababu ni nani hubeba pilau kwa mtu asiyemeza? Mama Tabi akaita nyuma ya pazia. "Zuu, si uniletee hiyo sufuria hapa." Nikaiweka kwenye stuli ya ndoo, karibu na mto wake. "Funua." Nikafunua. Akafumba macho, akavuta mvuke, akatulia, akavuta tena. "Iliki umezidisha," akasema. "Lakini nyama imeiva." Halafu akatuamuru tule pale pale, mbele yake, na tulipokula polepole akatukemea kwamba tunaharibu harufu. Nimekula pilau nyingi tangu siku hiyo, za arusi na za matanga, na kila nikifunua sufuria namsikia akiniambia habari ya iliki. Sijawahi kuipunguza. Sijui ni kwa nini.

Tulipompeleka hospitali ya Nakuru, daktari mmoja kijana alituchorea koo nyuma ya bahasha. Akachora na uvimbe, akachora na mrija mdogo ambao ungewekwa katikati ili chakula kipite. Haungemponya, alisema, na alisema akituangalia, na kwa hilo namheshimu. Ungempa muda, na muda huo angekuwa anakula. Hicho ndicho tulichokuwa tunanunua, wala si miujiza, ni mama wa watu ale. Kwa karani wa malipo nilijaribu kufanya nilichojua kufanya. "Boss, hiyo ni bei ya kuanzia. Ya kumaliza ni ngapi?" Akadhani natania, akacheka, akawaita wenzake wanisikie. Wakampa Tabi tarehe, na siku ya tarehe hiyo pesa ziwe zimelipwa. Mmoja wa wale makarani akamtambua, akaomba picha.

Kwa hivyo tukaitisha harambee, kama watu wote. Mtu akiugua huku kwetu, unachapisha kadi, unaomba ukumbi wa shule, unatafuta mtu wa maneno, wadogo wanatoa kwanza wakubwa wapate aibu, jogoo ananadiwa mara tano na kurudi kwa mwenyewe, na mwishowe mgonjwa anapanda kitanda cha hospitali. Nimeona harambee ya mlevi ikijaa. Nimeona ya mtu aliyemwibia mwenyekiti wa harambee ikijaa. Ya Tabi ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. MC alikuwa mtu wa arusi za Naivasha nzima, kifua kipana, koti la rangi ya machungwa nililomuuzia mimi, na alitufanyia kazi bure, lazima niseme hivyo. Aliamua Tabi aimbe kwanza, watu wachangamke, halafu ndoo ipite. Na Tabi alipomaliza wimbo wa kwanza, MC akapanda jukwaani na hesabu yake.

"Huyu msichana ana watu wangapi?"

"Laki mbili!" ukumbi ukajibu.

"Sasa sikizeni. Kila mtu akitoa shilingi moja. Moja tu! Si mama amepona na chenji inabaki?"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango na sikupiga, kwa sababu nimeuza vitu maisha yangu yote na najua kwamba ukishataja bei mbele ya watu huwezi kuipandisha. Alikuwa ametaja bei. Ndoo ikapita, na watu wa Naivasha, watu ambao wangempa mlevi mia mbili, wakatii. Kila mtu alitia shilingi moja. Walitia wakitabasamu, kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukishika simu juu, na wale karibu laki mbili waliobaki, ambao hawakuwa ukumbini, wakaachiwa watoe zao. Ndoo ilirudi ikilia kama kayamba. Hakukuwa na noti. Nilihesabu mara mbili juu ya meza ya walimu, na mara ya pili ilipungua, kwa sababu moja ilikuwa kifuniko cha soda.

Tabi aliona ndoo. Aliomba kipaza sauti, na nikadhani ataongea, atawaambia hakuna kitu, pazia ni la kweli na nyuma yake kuna mtu anakufa kwa njaa. Hakuongea. Akaimba ule wake, wa mtu anayengoja chakula kipoe. Alianza juu. Hapakuwa na wa kumwambia. Alipofika kwa kiitikio sauti ikapanda, ikatafuta pa kushika, ikakatika, na akasimama pale mdomo wazi, machozi yakimtiririka, na simu zote ukumbini zikasogea karibu. Kipande hicho kilitazamwa kuliko vyote alivyowahi kuimba. Kilikuwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Waliandika chini yake, "Kipaji hiki!" na michoro ya mioyo.

Tarehe ya hospitali ilipita siku ya Jumatano, na karani akampa kitanda mgonjwa mwingine. Mama Tabi alifariki Jumapili mchana, kijiko cha uji kikiwa bado kimelowa, Tabi amekishika. Simu ilikuwa inalia juu ya meza, watu wakimpongeza. Mimi ndiye niliyeizima. Kuzikwa alizikwa vizuri, maana huku kwetu watu wanaogopa maiti kuliko mgonjwa, na Mama Brayo alilia kuliko wote na kuleta sukari kilo tano. Kaburini mchungaji akamwomba Tabi aimbe. Akafungua mdomo. Tukangoja. Akaufunga, akaokota udongo, akatupa, akaondoka. Baada ya wiki mbili alirudi kwenye waridi, kule Kamere, na pazia akaliacha namba saba. Mimi nikahamia Nakuru, ambako bei ni kali na watu hawakukumbuki.

Basi mwezi uliopita. Alikuwa amenenepa kidogo, kucha zimekatwa fupi kwa sababu ya miiba, kitambaa shingoni ingawa kulikuwa na jua. Nikampa stuli. Nikaagiza chai. Akashika sweta moja akauliza bei, nikamtajia, akakubali papo hapo, na hilo likaniuma, mtu niliyemfundisha mwenyewe kubishana bei.

"Wewe si ulisema umekuja kuchukua kitu?" nikamuuliza.

"Zile ulizokuwa unakata," akasema. Sauti yake sasa ni ya chini, kama ya mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. "Mwanzo. Kabla sijaimba. Mama akiniambia nianze chini."

Nikamweleza. Nikamwambia habari ya memori, na kwamba kila kipande kilitoka ili kingine kiingie, na kwamba mama mwenyewe ndiye aliyetaka, na kwamba simu yenyewe ilikufa zamani na iko kwenye droo ya meza yangu kwa sababu mimi situpi kitu. Nikaitoa akaiona. Kioo kimepasuka, betri imevimba. Fundi wa hapa jirani alishaniambia hakuna kitu ndani, nikampelekea mara ya pili, akaniambia tena. Nilimweleza Tabi yote hayo, na nilikuwa naongea haraka, kama mtu anayeuza nguo yenye tundu. Alingoja nimalize. Chai yake ilikuwa imepoa na hajaigusa.

"Sidai zote, Zuu," akasema, akaweka kiganja wazi juu ya meza, kando ya ile simu. "Najua wewe lazima upunguze. Sasa mimi nimepunguza. Nirudishie moja tu. Hata kama ni ile ya kukohoa."